Raba Zilizokitosha Kijiti

Mimi nilinenepa kwa sababu ya njaa. Si njaa yangu, ni njaa ya kaunti nzima. Ofisi ninayofanyia kazi hapa Lodwar inashughulikia ukame, na ukame haushughulikiwi bila vikao, na vikao haviendi bila chai ya saa nne, na chai ya saa nne bila sambusa na andazi ni kumvunjia mfadhili heshima. Mvua isiponyesha, sisi huongeza vikao. Semina kubwa kabisa ya uhaba wa chakula niliyohudhuria ilifanyika Eliye Springs, ufukweni, tukala samaki, mbuzi, wali na chapati kutoka meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, kisha tukakubaliana kwa Kiingereza kizuri kwamba hali ni mbaya sana. Nilikubali nikiwa nimeshiba. Kwa miaka kadhaa nimekuwa ushahidi kwamba misaada hufika mahali fulani.

Sitaki mtu anionee huruma kwa unene huo. Kwetu unene ni sifa. Mwanamke mnene ni yule ambaye mbuzi wa kwao hawajafa na mshahara wake haujanywewa na mtu. Kila nilipokwenda kwa jamaa zetu Lokitaung walinizunguka wakanishika mikono hapa juu, kwenye nyama, halafu wakamgeukia mama na kumpongeza, kana kwamba alinipika mwenyewe jikoni. Mama alipokea pongezi hizo akiwa ameinua kidevu. Mimi nilikuwa cheti chake.

Halafu daktari akatuharibia. Nilikuwa nimeenda kwa ajili ya kikohozi, lakini yeye akapima presha, akapima sukari, akaniambia nivue viatu na nifumbe macho. Akawa ananigusa nyayo kwa uzi mgumu unaofanana na ule wa kuvulia samaki, na kila mara anauliza kama nasikia. Mimi nilikuwa nasubiri aanze. Kumbe alikuwa amemaliza.

"Madam," alisema, "sukari yako iko juu na miguu imeanza kufa ganzi. Uanze kutembea kila siku. Baadaye ukiweza, ukimbie kidogo. Uzito ipungue. Lakini chunga viatu. Lengelenge moja tu hapo chini, hutasikia, inakuwa kidonda, kidonda inaoza, tunakata."

Kwa hiyo mambo yalikuwa rahisi. Nisipotembea, nitakatwa mguu. Nikitembea na kiatu kibaya, nitakatwa mguu. Nilimshukuru daktari kwa kunipa nafasi ya kuchagua.

Nilimchekea pale ndani, lakini nilipofika nje nilikaa kwenye benchi ya wagonjwa nikalia, kwa maana mguu wa kukatwa ninaujua. Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala kule Lokichoggio, enzi zile za ndege za misaada, na kazini walimpa buti nyeusi za ngozi. Hatukuwa tumewahi kuwa na mtu wa buti katika ukoo wetu. Wote walivaa akala, ndara zetu za tairi la gari. Buti zile zilimkata kidole kidogo cha mguu, naye alikuwa na sukari ambayo hakuna aliyeijua. Walikata kidole. Wakakata chini ya goti. Wakakata juu ya goti. Nilikuwa shule ya upili alipofariki, na walipomfunika shuka niliona jinsi upande mmoja ulivyolala chini. Mama hajawahi kuongea habari ya mguu ule, na sisi watoto hatujawahi kumwuliza.

Basi nikapiga moyo konde, nikaenda sokoni kununua raba, nikiwa na ujuzi wote wa mtu ambaye mara yake ya mwisho kukimbia alikuwa anakimbia sindano ya shuleni. Mwenye duka alinipima kwa macho, akaanzia usoni akashuka taratibu, na alipofika chini akaamua kunivika kilemba cha ukoka.

"Madam, hiyo mguu ni ya mwanariadha kabisa. Gusa hii. Gusa! Si ni laini kama andazi?"

Kweli zilikuwa laini. Zilikuwa za rangi ya waridi, soli yake nyeupe na nene, ukibonyeza kidole kinazama hadi kwenye kucha. Nikawaza, mtu mzito anahitaji kitu kama godoro. Sikukumbuka kwamba godoro laini likilaliwa na mtu mzito huwa ni sakafu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Nilinunua kilichojiuza, na kesho yake asubuhi nikaanza kujitembeza.

Niseme jambo moja kuhusu kutembea ukiwa mnene katika mji huu. Huruhusiwi. Mwembamba akipita barabarani kwa miguu, hakuna anayegeuka. Mnene akipita kwa miguu, watu hujua kwamba pana msiba. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa bodaboda.

"Mathe, panda! Jua yote hii na unateseka na miguu?"

"Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kupunguza mwili."

Alizima pikipiki kabisa. Alinitazama kwa huruma ya kweli, huruma ambayo hata mume wangu hajawahi kunionyesha. "Nani amekuudhi?" akauliza.

Baada yake lilisimama gari la ofisi jirani, wakanifungulia mlango kabla sijasema neno. Kisha mama mmoja wa kanisani alishuka kwenye pikipiki yake, akanishika mkono, akaniambia Mungu hamtupi mja wake. Kabla ya wiki kuisha mji mzima ulijua nimefukuzwa kazi. Wengine walijua mpaka kosa lenyewe. Mama, ambaye anakaa kando ya barabara ile iendayo darajani, alituma mtu aje kuniuliza ni nani aliyekufa.

Na raba nazo zilikuwa na maoni yao. Siku za kwanza zilininyenyekea. Kisha soli zikaanza kulala upande wa ndani, zote mbili, nikawa natembea vifundo vya miguu vikibusiana. Miiba ya mti wa mathenge ilipita kwenye ule ulaini bila hata kubisha hodi. Na lami ya Lodwar saa nane mchana si lami, ni jiko. Niliziacha raba nje ya mlango wa ofisi siku moja, na niliporudi moja ilikuwa imefungua mdomo mbele kama mtu anayetaka kueleza jambo. Nikaipaka gundi, nikaifunga kwa raba-bendi, nikaendelea, kwa maana mimi si mtu wa kukata tamaa kwa kiatu ambacho nimeshakisifu mbele za watu.

Jioni moja nikavua soksi nikaona damu. Sehemu ya nyuma ya kisigino ilikuwa imechunika, ngozi imejikunja kando. Nilikuwa nimetembea nayo hivyo tangu wapi sijui na sikuwa nimesikia kitu. Ningesikia maumivu ningefurahi. Niliketi kitandani nimeushika mguu kwa mikono miwili, nikauminya, nikaufinya, nikawa nauomba uniume hata kidogo. Nimewahi kuogopa nyoka na nimewahi kuogopa risasi za barabarani, lakini sijawahi kuogopa kitu kama kisigino changu mwenyewe kilichonyamaza.

Aliyenifunga kidonda zahanati alikuwa muuguzi mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alizishika raba zangu kwa ncha za vidole.

"Hii ni kiatu ama ni keki?"

Nikamwambia ni raba za kukimbia. Akaishika moja mbele na nyuma akaikamua kama tambara la kupigia deki, nayo ikakubali kukamuliwa. Akasukuma ile sehemu ya nyuma inayoshika kisigino kwa kidole kimoja, ikaanguka ndani kama mlevi. "Mtu wa kilo kama yako," akasema, na hakuona sababu ya kupunguza sauti ingawa foleni nzima ilikuwa inasikiliza, "hataki laini. Anataka kitu inarudisha. Ukibonyeza, ikubonyeze na yeye." Akaendelea hivyo akinifunga bendeji: kiatu kikunjike mbele kwenye vidole, si katikati, nyuma pasimame, soli iwe pana kupita mguu wenyewe, mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya kidole gumba kingine. "Na upana! Vidole ikae kama watu kwa kanisa, isikae kama mbuzi kwa lori." Halafu akaniamuru nisitembee mpaka kidonda kifunge. Kilichukua muda wake. Kila nilipofunguliwa bendeji nilitazama kingo za kidonda kwanza kabla sijathubutu kutazama katikati.

Nikiwa nimekaa hivyo nyumbani, mguu juu ya stuli, nikaamua kuagiza raba nyingine kutoka Kakuma. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anafundisha huko, na kila mtu anajua soko la kambi ya wakimbizi ya huko lina mitumba ambayo Lodwar tunaiona kwenye miguu ya watu wengine tu. Nasi tuna namna yetu ya kuagiza viatu, namna ya kale na ya uhakika kuliko namba zilizoandikwa ndani ya ulimi wa kiatu. Unakanyaga mchangani, unaokota kijiti, unakivunja sawasawa na urefu wa alama ya mguu wako, unampa anayesafiri. Yeye akifika dukani anakitia kijiti ndani ya kiatu. Kikiingia, amenunua. Mkoba wa wifi yangu akitoka likizo huwa na miguu ya nusu ya ukoo. Polisi wakiufungua kwenye kizuizi watadhani anauza kuni.

Nikavunja kijiti changu. Nilikivunja asubuhi, nimeketi kwenye kiti, kwa sababu nikisimama siuoni mguu wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema watu, na aliyesema maneno hayo hakuwa na tumbo hili. Kwa hiyo mguu nilioupima ulikuwa mguu uliotoka usingizini, haujabeba mtu, haujaona joto. Mguu wa malaika. Isitoshe, niliupima kwa kijiti, na kijiti kina urefu tu. Hakijui upana ni nini. Mimi niliyesikiliza hotuba nzima ya upana mbele ya foleni ya zahanati sikuliona hilo. Watu wetu wote ni wembamba, na mguu wa mtu mwembamba ukiujua urefu wake umeujua wote.

Raba zikaja. Za bluu, ngumu kiasi, nyuma zimesimama, zinajikunja mahali pake. Wifi alikuwa amefanya kazi nzuri. Nikatia kijiti ndani, kikalala humo kimetulia. Nikatia mguu nikiwa nimeketi, ukaingia. Nikasimama. Mguu ukatandazika kama donge la chapati lililolemewa na kifimbo cha kusukumia, vidole vikapandana, na kwa pembeni nyama ikamwagika juu ya ukingo. Raba zile zilikitosha kijiti vizuri ajabu. Ningekuwa kijiti ningekimbia nazo mpaka Kitale.

Hazikukaa sana. Binamu yangu wa kike, mwembamba wa kuingia popote, alikuja kunipa pole ya mguu, na kabla chai haijapoa akaziona kwenye kona.

"Viatu zako ni nzuri," akasema. "Nipe."

Kwetu neno hilo halina mzunguko. Ndugu akiomba kitu na unacho, unampa, kwa maana kesho ni wewe utakayeomba. Hakuna "nitaangalia", hakuna "ngoja mwezi uishe". Anayenyima husemwa mpaka na watoto wake. Nikampa, akazivaa palepale, akaniacha na kijiti changu.

Kidonda kilipofunga na muuguzi akaniruhusu, niliamua kuupeleka mguu Kakuma mwenyewe, ukiwa mzima na ukiwa umefungamana na mimi. Nilienda Jumamosi, na nilihakikisha naingia sokoni alasiri, wakati miguu imevimba kwa joto na safari na haina tena mambo ya kujifanya. Nilibeba na soksi zangu nene. Kijiti nilikiacha.

Soko la kambini ni refu, na kila hatua chache unabadilisha nchi. Unasalimiwa kwa Kisomali, hatua mbili unaitwa "mama" kwa Kifaransa, kijana kinyozi Mkongo anakwambia ana "bilatu bizuri", viatu vizuri, nyuma ya pazia la saluni. Mimi nilisimama kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa ametandaza turubai chini na kumwaga juu yake rundo la raba za mitumba. Alikuwa mrefu hata akiwa ameketi, msalaba wa mbao shingoni, na alinitazama kama mtu anayeona biashara ikija kwa miguu.

Nikaanza kazi. Nikakamua, nikabonyeza, nikakunja, nikasukuma visigino. Niliyatenda yote aliyoyatenda muuguzi, na kwa hasira kidogo zaidi. Mama yule alivumilia kwa muda.

"Dada," akasema mwishowe, "wewe nanunua kiatu au nachinja kiatu?"

"Natafuta kiatu pana."

"Hii kwes. Nzuri. Kwes kabisa." Akanipa za kike, za zambarau, zenye vitu vinavyometameta pembeni. Nikazivaa nikiwa nimesimama. Vidole vikapanda lori. Akanipa nyingine, na nyingine. Nilijifunza siku ile kwamba watengenezaji wa raba za kike wanaamini mwanamke mkubwa ni mwanamke mdogo aliyevutwa kwa urefu. Namba inapanda, upana unabaki na usichana wake.

Chini ya rundo nikaona za kiume. Pana. Rangi ya simenti. Soli imetoka nje pande zote kama baraza ya nyumba. Niliponyoosha mkono mama yule akauzuia.

"La, dada. Hii ya rijal. Ya wanaume. Bwana yako naona hii naambia nini?"

"Bwana yangu hajaangalia miguu yangu tangu tuoane."

Akacheka mpaka akashika msalaba. Akanipa. Jozi ya kwanza niliikataa, maana soli ilikuwa imelika upande mmoja tu, na sikuwa na haja ya kurithi mwendo wa mzungu fulani mwenye matege. Jozi ya pili ilikuwa imelika sawasawa. Nikavaa soksi zangu, nikavaa raba, nikafunga kamba kwa taabu zote mnazozijua, nikasimama. Vidole vikalala kila kimoja mahali pake. Nikabonyeza mbele, pakabaki nafasi. Nikazunguka turubai lile nikienda na kurudi, wapita njia wakisimama kutazama jambo geni la mtu mnene anayetembea bila kwenda popote. Soli ilinirudisha juu kila nilipoikanyaga. Sikumbuki mara ya mwisho kitu chochote kiliponirudisha juu. Tukapatana bei kwa kutukanana kidogo, kwa upendo, na nikarudi Lodwar nikiwa na viatu vibaya kuliko vyote nilivyowahi kuvaa, nikiwa na furaha ya kijinga.

Raba zile zilifanya kazi. Magoti yakaacha kunilaumu. Kila nilipovua soksi zilikuwa kavu na nyeupe, na nilizitazama kama wengine wanavyotazama matokeo ya mtihani. Wiki zikapita, sketi zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe. Siku moja, mahali ambapo hapakuwa na mtu, nilikimbia kutoka mti mmoja hadi mti wa pili. Mwili wote ulifika, ingawa si kwa wakati mmoja. Nilisimama pale nikihema na kucheka peke yangu.

Lakini mji una macho. Sasa walianza kusema mimi ni mgonjwa. Waliokuwa wakimpongeza mama wakaanza kumpa pole. Na asubuhi moja nikipita mbele ya nyumba yake kuelekea darajani, nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda chake kidogo cha mbao, ananisubiri. Mimi na mama huzungumza Kiturkana, na Kiturkana cha mama hakina mapambo.

"Umekwisha," akasema.

"Sijaisha, mama. Napungua. Ni daktari alisema."

Aliinamisha macho mpaka kwenye raba. Akazitazama muda mrefu.

"Viatu hivyo," akasema. "Nipe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama yangu ana mguu mdogo kama wa mtoto wa shule, na tangu azaliwe hajavaa kitu isipokuwa akala. Raba za kiume za rangi ya simenti angezifanyia nini, azifugie kuku?

"Utavifanyia nini, mama?"

"Nimeomba. Anayeombwa huuliza sababu?"

Hapo nikaelewa kwamba hakutaka viatu. Alitaka nisitembee, na alikuwa amechagua neno ambalo hakuna mtoto wa kwetu anayeweza kulikataa. Nilijua vilevile kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, methali ambayo kila mtu amenisomea tangu nianze mazoezi haya, bila kufikiri inamhusu nani. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na mitungi walipunguza mwendo ili wasikose lolote.

"Sikupi," nikasema.

"Unaninyima?"

"Nakunyima, mama."

Sijawahi kumnyima mama yangu kitu. Nilisubiri anilaani, na kwa kweli ningeona ni haki yake. Hakunilaani. Aliwatazama wale wanawake mpaka wakaondoka, kisha akasema, polepole, akiitazama barabara na si mimi:

"Baba yako alitaka kuzivua zile buti. Wiki ya kwanza tu. Alisema zinambana, anataka arudie akala zake. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia watu wote wameshamwona na buti, sasa arudi kuonekana kama mchunga mbuzi? Nilikuwa naona fahari nikitembea nyuma yake." Akanyoosha mkono. "Basi nipe. Mguu mwingine wa kukatwa mimi sitauona."

Miaka yote ile nilidhani amenyamaza kwa sababu ya uchungu. Niliketi chini, mchangani, mbele ya kigoda chake, nikavua raba ya kulia nikaiweka mikononi mwake.

Aliingiza mkono ndani. Akausukuma mpaka mbele kabisa, kisha nikaona kiatu kikitikisika: alikuwa anavitanua vidole vyake humo ndani, vyote vitano, akivipeleka huku na huku, akitafuta mahali panapobana. Alitafuta kwa muda mrefu. Akaomba na cha kushoto, akafanya vilevile.

"Ndani kuna nafasi," akasema.

"Iko, mama."

Akanivalisha mwenyewe. Kamba hakuwahi kuzifunga maishani mwake, kwa hiyo alizifunga kwa fundo analolijua, lile la kufungia mbuzi, ambalo mbuzi hata avute namna gani halilegei, na mtu mwingine akitaka kulifungua lazima atafute kisu. Nikamwambia sitaweza kuvua. Akasema ndiyo maana.

Nilitembea mpaka darajani nikarudi. Ilibidi nipite kwake. Alikuwa palepale kwenye kigoda, na hakuniuliza habari za huko nitokako. Alifungua mafundo yale, akanivua raba, akanivua soksi, akatazama mguu wangu wa kulia chini na juu na katikati ya vidole, akauweka chini. Akachukua wa kushoto, akautazama hivyo hivyo mpaka mwisho. Ndipo akanisalimu.